Keki ya Boksi, Mwandiko wa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Alhamisi binti yangu anatimiza miaka thelathini. Sikukuu yake ya kwanza ya kuzaliwa bila mama yake. Kila mwaka marehemu alimwokea keki. Kazi yangu mimi ilikuwa kusifia. Leo shemeji, mdogo wa marehemu, kapita kwenye cherehani yangu kusema ataoka yeye, nisijisumbue. Nisijisumbue! Mimi baba mzazi! Nikamwambia naoka mwenyewe, kwa maelekezo aliyoniachia mke wangu, kayaandika kwa mkono wake. Maelekezo hayapo. Uongo ulinitoka kama chafya.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua keki ya boksi, ile ya unga uliochanganywa tayari. Juu imeandikwa: kwa wanaoanza. Nikaifunga kwenye gazeti watu wasiione. Unatia mayai, mafuta, maji, unakoroga, basi. Kushona kola ni kazi zaidi! Nimefungua oveni mara tisa kuangalia kama inaumuka. Ikaumuka. Ikaniona. Ikabonyea katikati. Nikageuka kumwuliza mke wangu nimekosea wapi, mdomo wazi kabisa, kabla sijakumbuka. Nimekaa sakafuni jikoni muda mrefu.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kamwambia binti habari za maelekezo. Makusudi! Binti kanipigia simu analia, anaomba aione hiyo karatasi. Ningeweza kusema ukweli palepale. Sikusema. Nimemwagia karatasi chai ionekane ya zamani, nikaanza kuiga mwandiko wa marehemu. Mstari wa pili nikakwama. Herufi k alikuwa anaiandikaje? Ndoa ya miaka thelathini na mbili, na sikumbuki k ya mke wangu. Machozi yakadondokea karatasi. Ikazidi kuonekana ya zamani. Nikaendelea.

Alhamisi, 6 Machi
Boksi la pili. Keki nayo imebonyea. Nikakata pembeni, nikatia kiraka, nikafunika na sukari ya unga. Hakuna mshono uliojitokeza! Binti kaja na shemeji. Kala kipande, kasema ni tamu. Kisha akaomba karatasi. Akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Uso ukamchanua, halafu ukazimika.

“Baba,” akasema, “mama aliandika ‘mayayi’. Maisha yake yote.”

Mimi nimeandika mayai. Nikasema labda siku hiyo alikuwa makini.

“Mama nimeshamzika, baba. Usinizikishe mara ya pili.”

Akachukua mkoba wake, akatoka. Nilisubiri shemeji anicheke. Hakucheka. Akaosha vyombo vyote, akaning’inizia kitambaa mahali ambapo dada yake alikuwa anakining’iniza, akaenda zake.

Ijumaa, 7 Machi
Binti hapokei simu. Nimepiga mara sita. Nimekula keki asubuhi, mchana na jioni, maana kuitupa siwezi. Kiraka ndicho kitamu zaidi. Nyumba kimya, hata mteja hakuja.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejichunguza kwa moyo mweupe. Kosa nimeliona: haraka. Binti anahitaji kusikia neno kutoka kwa mama yake, si kwangu. Basi marehemu alimwachia barua. Aliiandika akiwa mgonjwa, akaificha kabatini chini ya mashuka, akimwomba binti amsamehe baba yake kwa lolote atakalokuja kulifanya. Nimeshachemsha chai ya karatasi. Safari hii nitakosea herufi vizuri.