Turudishieni Mheshimiwa Maduhu, Ngoma Zimepoa

Jilala Mageni,
Kiongozi wa Ngoma, upande wa Wagika,
Segese.
3 Julai, 1997

Ndugu Katibu wa Bunge,
Dodoma.

YAH: KUREJESHEWA MBUNGE KWA MATUMIZI YA NYUMBANI

Natumaini u mzima na Bunge lote ni zima. Sisi huku tumevuna, tunamshukuru Mungu, ila raha hatuna, na raha yetu mmeikalisha ninyi huko kwenye kiti cha kuzunguka.

Huenda hukuzaliwa Usukumani, basi nieleze kidogo. Baada ya mavuno, ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja: huku Wagika, kule Wagalu. Mtazamaji yuko huru kukimbilia anakopenda. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mimi nawaongoza Wagika. Wagalu walikuwa na Maduhu na chatu wake wa kucheza naye ngoma. Tumeoneana wivu tangu ujana. Nilipochonga sanamu la mti linaloinua mikono kwa kamba, yeye alimvalisha chatu tai.

Uchaguzi wa mwaka 1995 ulipofika, Maduhu akagombea ubunge, nikaona hii ndiyo njia ya kumwondoa adui bila dhambi. Nilimpigia kampeni mimi mwenyewe, nikatunga nyimbo za kumsifu, nikacheza kutoka Segese hadi Bugarama mpaka watu wakadhani nimeokoka. Alishinda kwa kishindo. Siku hiyo nilicheka peke yangu nyumbani hadi mbuzi wakaniogopa. Sasa yamenitokea puani, na malalamiko yangu ni haya:

1. Bunge la Bajeti mmeliweka katikati ya msimu wa ngoma. Huu ni msimu wa pili uwanja una upande mmoja. Watu wanakuja, wanatazama kulia, hakuna kitu. Wanatazama kushoto, ni mimi. Wanaondoka. Nimeshinda kila mara, na sijapata kuona aibu kama hii.

2. Mmemharibu tabia. Tunamsikia redioni akisema anaunga mkono hoja asilimia mia moja. Ndugu Katibu, mtu yule hakuniunga mkono hata nilipomwambia paa la nyumba yake linaungua. Alibisha kwanza, ndipo akachota maji. Leo anaunga mkono hotuba ya maji, ya mifugo, hata ya uvuvi, naye samaki humtapisha! Nilizima redio, nikatoka nje, nikalia. Sioni haya kukuandikia hivyo.

3. Waheshimiwa wanagonga meza ovyo. Nimesikiliza kwa makini: hakuna anayeanzisha, hakuna anayeitikia, kila mtu na lake. Mpiga ngoma akikaa humo miaka mitano atarudi mkono umekufa.

4. Wachimbaji wa Bugarama, waliokuwa wakija malori kwa malori, sasa wamejaa kwenye vibanda vya video wakitazama Wachina wakipigana. Mzee Jashvant, mwenye duka hapa Segese, alikuwa akiuza soda uwanjani mpaka makreti yanabaki matupu. Kila asubuhi ananiuliza: "Jilala, ugomvi wenu umeupeleka wapi? Siku hizi watu hawana kiu."

5. Chatu amekonda. Anayempelekea kuku ni mimi, Mgika, kuku wangu mwenyewe, tena kwa kunyatia nisije nikaonekana ninalisha adui. Asipokula inabidi nimwimbie wimbo wa Wagalu. Ndugu Katibu, hapo ndipo mliponifikisha.

Kwa hiyo naomba kwa heshima, ama mmrudishe Maduhu mara moja, ama bajeti isomwe wakati wa mvua. Mkishindwa yote hayo, Bunge zima lihamie Segese hadi mwezi wa nane. Uwanja tunao. Serikali itakaa upande wangu, upinzani utakaa upande wa Wagalu, na jua likizama tutajua kama bajeti imepita.

Nisalimie Spika, askari wa mlangoni, na wale wanaojaza maji kwenye bilauri. Maduhu simsalimii.

Wako katika ujenzi wa Taifa na ngoma zake,
Jilala Mageni

N.B. 8 Julai. Barua ilikuwa bado haijaondoka. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu. Jana, Saba Saba, Maduhu alikuja kuiona familia yake. Alishuka garini na suti, akasikia ngoma yangu, akavua koti, akaagiza chatu aletwe. Haikupita saa nzima, watu wote walikuwa kwake: wachimbaji, Mzee Jashvant na makreti yake, wapiga ngoma wangu wawili, na mke wangu Mbuke, ambaye alipiga vigelegele kuliko siku nilipomwoa. Nilibaki na sanamu langu, limeinua mikono.

Kwa hiyo mwongezeeni vikao. Mpeni uwaziri. Kama kuna ubalozi wa mbali, mahali ambapo chatu haruhusiwi kupanda ndege, mpeni huo. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, maana anarudi huko kesho na gari lake linakwenda mbio kuliko posta. Ameapa hataifungua. Lakini ni Mgalu, mpaka ikufikie atakuwa ameshaisoma mara mbili. Mwambie upepo ulikuwa upande wake. Na mwambie mwakani asichelewe.