Ngao Yangu Iko Njiani

Alhamisi, 3 Oktoba

Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nasema, msumari nimeshaupigilia. Katikati ya ukuta wa sebule, juu ya kochi, pale ambapo macho ya mgeni yanatua kabla hajakaribishwa kiti. Ngao yenyewe haijafika. Lakini msumari upo, umenyooka, na nimeupiga mwenyewe. Kidole gumba kimevimba kidogo. Sijali!

Si ngao ya hivi hivi. Ni nakala ya ngao ya Mlinzi wa Lango, sawasawa na ile ya kwenye filamu yetu, mpaka ufa wake wa pembeni. Filamu yetu! Siku ya kwanza tuliyotoka pamoja, Mlinzi alipoiweka ngao miguuni mwa malkia, niligeuka nikamwona kijana niliyekaa naye analia, bisi zimemwagika mapajani. Nikajua hapo hapo. Huyu ndiye. Na nimeolewa naye! Mume wangu. Naandika tena kwa sababu ni tamu: mume wangu.

Yeye hajui lolote. Jumapili ya tarehe 13 mama mkwe anakuja kuona nyumba yetu kwa mara ya kwanza, na siku hiyo mume wangu ataikuta ukutani.

Leo amepita Wifi, dada yake, ambaye sebuleni kwake kuna picha ya maporomoko ya maji inayowaka taa. Akautazama msumari weee. Akauliza, "Wifi, mmetundika hewa?" Nikamwambia asubiri hiyo Jumapili, ataona kitu ambacho hajakiona nyumbani kwa mtu yeyote. Akasema haya, atakuja na miwani. Nilimsikia akicheka mpaka chini ya ngazi.

Basi sasa ni lazima ifike.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimepiga simu ofisi ya vifurushi. Karani, mwanamke mwenye sauti ya uchovu, akasema mzigo umechelewa, uko njiani, niwe na subira. Kuniambia mimi habari ya subira! Mlinzi alisimama langoni vita nzima bila kukaa chini, na katika ukumbi ule wa sinema hakuna aliyemwelewa kama mimi. Nikamjibu karani kwamba subira ninayo tele. Nikasubiri mpaka chakula cha mchana.

Hapo ndipo wazo likanijia. Mteja mmoja ni rahisi kumsahau. Lakini mzigo unaoulizwa na watu wengi, watu wazito, nani atauacha ulale stoo? Na mimi nafanya kazi mapokezi, kliniki ya meno. Sauti ndiyo kazi yangu. Shuleni niliigiza mti, na watu walisema mti ule uliwagusa.

Nikawasha laini yangu ya zamani, nikajikunja kwenye kiti, nikawa bibi. Bibi mwenye magoti mabovu anayeomba kuiona ile ngao kabla hajafumba macho. Nikakohoa. Karani alibadilika kabisa! Akaniita bibi yangu. Akauliza magoti yanasumbua zaidi asubuhi au jioni. Akanishauri nikande na maji ya moto. Nilipokata simu machozi yalikuwa yananilenga, kwa magoti ambayo sina. Ni kipaji. Siwezi kusema vingine.

Jumapili, 6 Oktoba

Jana mume wangu kauliza msumari ni wa nini. Nikasema wa kalenda. Leo asubuhi kachelewa kidogo kurudi kutoka dukani, na unajua kwa nini? Kanunua kalenda! Yenye picha za paka. Kaitundika mwenyewe, kapiga hatua nyuma, kaitazama kama fundi anayetazama ghorofa aliyojenga. Nani mwingine ana mume anayesikia neno moja tu na kulitimiza? Nilimkumbatia mpaka akaomba hewa.

Wifi kaja kuazima pasi. Kauliza kama hao paka ndio ile ajabu aliyoahidiwa. Sikumjibu. Mlinzi naye hakuwajibu maadui.

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimekuwa wakili. Simu ya kliniki, sauti nzito, kidevu kifuani. Nikamwambia karani kwamba ngao ile ni haki ya mteja wangu na ikichelewa zaidi tutaonana kwingine. Nilikuwa nimefika kwenye "kwingine" Daktari alipotoka chumbani kwake. Kauliza sauti yangu ina nini. Nikashika shavu, nikasema jino. Kosa! Ni mtu mwema mno. Kanilaza kwenye kiti hapo hapo na, amini usiamini, kakuta tundu. Kaliziba.

Nimetoka na mdomo uliokufa ganzi upande mmoja. Mwingine angeenda nyumbani kulala. Mimi nimeazima simu ya mfagizi wetu nikawa mkusanyaji wa vitu vya filamu kutoka ng'ambo, maana kwa ulimi ule nilikuwa mgeni hasa. Nilisema ngao ile naitaka mimi, kwa vyovyote vile. Karani alisema, "Hata wewe?"

Hata mimi! Mambo yameiva.

Jumanne, 8 Oktoba

Imefika! Karani kanipigia mwenyewe kwenye namba yangu halisi. Nimecheza nyuma ya meza mpaka mgonjwa mmoja kasahau maumivu.

Kisha karani akasema ila kuna tatizo. Ngao imefungiwa. Inadaiwa na watu wanne: mimi, bibi mmoja masikini wa Mungu, wakili mwenye matusi, na mtu wa ng'ambo anayezungumza kama ana kiazi mdomoni. Utaratibu wao ni kwamba mzigo wenye mgogoro hautoki mpaka wadai wote wafike dirishani pamoja, kila mtu na kitambulisho chake.

Nikauliza kama mtu mmoja anaweza kufika kwa niaba ya wote. Akauliza mtu mmoja atakuwaje watu wanne. Wakili hakutukana, nikasema. Akauliza nimejuaje. Nikakata simu.

Nimekaa nikitazama paka wa Oktoba. Jumapili hiyo hapo. Wifi na miwani yake hao hapo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeomba ruhusa, nimekwenda ofisini kwao. Niliiona! Boksi la duara, nyuma ya wavu wa chuma, jina langu juu yake kwa herufi kubwa. Na karani ni mama mnene, miwani imepandishwa kichwani, fulana ya sufu ingawa kuna joto. Akanikagua juu mpaka chini. Akasema, "Dada, kwa kweli nikisema ya moyoni, huu ungekwenda kwa bibi. Wewe bado kijana. Utapata nyingine."

Ningeweza kukiri. Nililifikiria hilo muda wa kumeza mate. Lakini niseme nini? Bibi yule ni mimi? Alikuwa ameshanieleza jinsi alivyomwota bibi huyo usiku, na jinsi sauti ile inavyomkumbusha bibi aliyemlea. Angevunjika moyo. Nikasema kwa upole kwamba mimi ni mjukuu wake. Wakili ni wa familia yetu. Na yule wa ng'ambo ameshapanda ndege kurudi kwao.

Karani akafurahi, lakini kazi ni kazi. Akasema basi bibi ampigie athibitishe. Nikasema nakwenda nje kumtafuta, mtandao humu ndani ni mbovu. Nikazunguka nyuma ya jengo, kando ya mapipa ya takataka, nikainama, nikakohoa, nikapiga. Karani alipokea kwa kelele za furaha, hata nikamsikia mara mbili, kwenye simu na dirishani juu yangu. Bibi akasema mpe mjukuu wangu, mtoto huyo ana adabu, mzuri wa sura, na kaolewa vizuri sana. Sikuweza kujizuia. Ilikuwa kweli.

Nilirudi ndani ninahema. Karani alikuwa ameshaufungua wavu. Akasema nina bahati kuwa na bibi anayenisifu hivyo. Nikasema najua.

Jumapili, 13 Oktoba

Siku kuu ya maisha yangu, ukiacha harusi!

Nilingoja mume wangu ashuke kumpokea mama yake. Nikashusha paka, nikapandisha ngao. Walipoingia, mume wangu akasimama mlangoni kama amepigwa na umeme. Akaenda moja kwa moja, akapitisha kidole kwenye ufa. Akalia! Kama siku ile. Ila safari hii bisi zilikuwa kwenye bakuli.

Mama mkwe akaizunguka kwa macho, akauliza kama ni mfuniko, na sufuria yake iko wapi. Wifi akavaa miwani, akausogelea ufa, akasema pole wifi, wamewaletea kibovu, mkabadilishiwe. Hapo mume wangu akamgeukia dada yake na kumsimulia filamu nzima, lango, vita, malkia, bila kumruhusu kukaa. Nilikaa mimi kwa niaba yake. Sijawahi kuona mwanamke amechoka hivyo akiwa amesimama.

Ndipo simu yangu ikalia, ile laini ya zamani. Karani! Sikufikiri. Nilijikunja, nikakohoa, nikasema hujambo mjukuu wangu. Mbele ya wote. Karani akauliza magoti. Nikasema yale maji ya moto yamenisaidia, Mungu ambariki. Akasema hana raha mpaka amwone bibi kwa macho yake.

Nikakata simu. Mama mkwe akaniuliza ni nani mgonjwa. Basi nikasema yote: bibi, wakili, mtu wa ng'ambo, mapipa. Nilimtazama mume wangu tu. Akacheka mpaka akajishikilia kwenye ngao. Akasema, "Kumbe! Nilidhani nimeoa mtu mmoja."

Aliyasema hayo kwa fahari! Mbele ya Wifi!

Baadaye, tukiosha vyombo, akanishauri nimwambie karani ukweli. Nimelipima shauri lake kwa heshima zote. Lakini huwezi kumwua bibi wa watu hivi hivi, mwenye magoti yanayoanza kupona. Halafu nikamtazama mume wangu vizuri, pale kwenye sinki, kainama. Ana kimo cha bibi yule. Akijifunga mtandio mpaka puani na kutembea polepole, mazungumzo nitayafanya mimi, nimesimama nyuma yake.

Hajakataa. Amesema tu atanyoa ndevu.

Nimeshampigia karani. Nimemwahidi: kabla mwezi huu haujaisha, bibi anakuja kumtembelea.