Mipira Yote Bandani Kwangu

Jumatatu, 11 Agosti

Joto. Nyasi za uwanja nyuma ya nyumba zetu hapa Harrow, kwa Waingereza, zimekauka hadi zimekuwa rangi ya simba. Ukipiga chafya zinawaka. Wengine wanaogopa. Mimi nimekaa Dubai, joto hili tunajuana kwa majina. Tena ndimi mwenyekiti wa chama cha wakazi. Nilimshinda Kuldip kwa kura moja, yangu mwenyewe.

Kuldip ni jirani wa ukuta mmoja, Singasinga wa kuzaliwa Kisumu. Kila asubuhi hunisalimu kwa Kiswahili juu ya ua wa mbao unaotutenga, kisha hunitukana kwa Kiswahili hicho hicho. Tangu mke wangu Nancy afariki, ndicho Kiswahili changu cha siku nzima. Binti yangu Priscilla nikimwongelesha hunijibu kwa Kiingereza.

Leo Kuldip amesema binti yake wa mji wa Leicester anamtaka akaishi naye. Binti anaogopa zile nyasi. Nikamuuliza mbona haendi. Akasema, na waridi la Anjali atalinywesha nani? Anjali ni marehemu mkewe. Alilipanda mwenyewe penye ua wetu.

Nilicheka. Ndani sikucheka. Kuldip akienda, nani atanitukana?

Uamuzi: mtaa huu hautaungua. Mtu hahami penye usalama.

Jumatano, 13 Agosti

Kampuni ya maji imepiga marufuku kumwagilia kwa mpira wa maji. Alfajiri nikamfuma Kuldip amejikunja nyuma ya waridi, na pajama zake, na mpira wake. Nikamwambia sheria ni msumeno. Akaniambia niutumie kukata ulimi wangu.

Basi nimepita nyumba hadi nyumba na kukusanya mipira yote ya mtaa. Nimeifungia bandani kwangu kwa kufuli la shaba. Moto ukija, inajulikana iko wapi. Akili kama hii haifundishwi shuleni, ndiyo maana niliishia darasa la saba.

Jioni Kuldip hakunitukana. Kimya chake kikanikosesha chakula. Nikateka maji niliyoogea, nikapitisha ndoo juu ya ua kwa ajili ya waridi. Akasema maji yananuka miguu yangu. Nikalala vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkutano wa tahadhari ya moto. Sisi watu wa Nakuru, mkutano usio na chakula tunaupelekea udhuru tu, kwa hiyo nilichoma mbuzi. Jiko la pipa, makaa, kando ya banda penye kivuli. Mahir wa nyumba ya kona akauliza kama ni busara kuwasha moto kwenye mkutano wa kukataza moto. Nikamjibu kwamba hata chanjo ni ugonjwa kidogo. Watu wakacheka.

Hotuba yangu ilikuwa nzito: tukate nyasi, tuondoe vikavu, tujue nani atagonga mlango wa mzee yupi. Waliisikiliza na mifupa mdomoni.

Kuldip alikula mbavu, akalamba vidole. Kisha akaninong'oneza kuwa amemwambia binti yake asahau habari za Leicester.

Anabaki! Mimi ni nani?

Majivu nimeyamwaga nyuma ya banda, juu ya nyasi nilizokata. Nitazoa kesho nikitoka kanisani.

Jumapili, 17 Agosti

Majivu yalikuwa hayajalala.

Nilirudi nikakuta moshi. Mipira yote ya mtaa ilikuwa mle bandani ikiyeyuka, na ufunguo ulikuwa nami kanisani, mfukoni mwa koti. Majirani walisimama penye mabomba yao yanayotiririka, hawana cha kuyafikisha maji motoni, wakinitazama. Kuldip alikuwa akikimbia na ile ndoo yangu ya kuogea. Mzee wa miaka themanini, kilemba kimemlegea.

Zimamoto wakafika. Nyumba zote zimesimama, hakuna aliyeumia. Ua umeteketea. Waridi ni kijiti cheusi. Kuldip alikishika, mkono ukatoka na masizi. Nikamwambia mzizi upo.

Hakunitukana.

Ijumaa, 29 Agosti

Gari la Leicester limekuja. Nilimwomba msamaha tena. Akasema, "Solomon, bwana, basi. Nilikuwa nakaa kwa sababu ya kunywesha ule mti. Sasa nikae ninyweshe nini?"

Nilitaka kusema, mimi. Nikamsaidia kubeba sanduku.

Kabla ya kufunga mlango wa gari alinipa mpira wa maji, mpya, ungali na karatasi ya dukani. Akaniambia mimi ni punda, na hata punda wa Nakuru wana nafuu. Nimeliandika hapa tusi hili lisije likapotea.

Jumapili, 31 Agosti

Asubuhi nimesalimu juu ya ua. Ua wenyewe haupo.

Kijiti nakimwagilia kwa ndoo. Bado.

Kibao cha kuuza nyumba kimesimama mlangoni kwa Kuldip. Wanunuzi wanakuja kuitazama Jumamosi. Lazima wawe watu wa kuongea, na mtu wa kuongea huvutwa kwa harufu. Nimeshamwagiza mbuzi. Jiko la pipa nitaliweka pale pale lilipokuwa banda, pana nafasi nzuri sasa.

Na mpira wa Kuldip nimeufungia kabatini kwa kufuli jipya, usije ukaibiwa. Ufunguo uko kwenye koti la kanisani.