Kamati ya Kuufananisha Mji na Kitabu

Baraza la Mji lina heshima kuutangazia umma kwamba mji wetu sasa ni maarufu. Mkunga mstaafu anayeishi nyuma ya soko ameandika riwaya ya mji wa kubuni, na wajuzi wanasema kila kona yake ameichota hapa kwetu. Wageni wameanza kuja na kamera. Mimi, Katibu wa Kamati ya Uhakiki wa Mahali pa Kubuniwa, nakanusha uvumi kwamba tulipigwa na butwaa. Tulikaa vikao.

Mgeni mmoja alilalamika kuwa mji haufanani na kitabu. Aibu iliyoje! Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza akapiga meza, tukapitisha sheria ndogo: chochote kilichomo mjini ambacho hakimo kitabuni, kibomolewe. Hakuna aliyepinga. Kitabu chenyewe hatukuwa tumekisoma, ila tulikishika kwa zamu, na jalada lilitupendeza sana.

Tukaanza na Shoto, kinyozi wa pale stendi, mwenye kibanda cha mabati kinachomlisha yeye, mkewe na watoto. Notisi nilimpelekea mwenyewe, maana nywele nazo zilikuwa zimenizidi.

"Katibu, ndugu yangu, wanangu watakula nini?" akauliza, wembe uko kisogoni kwangu.

"Suala la kula liko idara nyingine."

"Na nani kawaambia kibanda changu hakimo?"

"Kamati."

"Kwani mmekisoma?"

"Shoto, hebu angalia unaponyoa."

Kumbe bwana yule hakulala. Alikwenda moja kwa moja kwa mkunga. Siku ya ubomoaji, tingatinga likiwa linanguruma na mke wa Shoto analia waziwazi, mama mkunga akatokea kajifunga kibwebwe. Mwenyekiti akampokea kwa bashasha mbele ya umati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mara ya kwanza kukutana na mimi ulitanguliza matako."

Umati ukaangua kicheko. Kwenye kumbukumbu niliandika kwamba ulishangilia.

"Tuthibitishie tu, mama," Mwenyekiti akasema, jasho likimtoka. "Kibanda hiki kimo kitabuni?"

"Kimo, tena ukurasa wa kwanza. Umbea wote wa mji uko hapo. Bila hapo ningeandika nini?"

Shoto akamkumbatia mkewe palepale. Mwenyekiti, ili asiondoke mikono mitupu, akatabasamu kwa kamera za wageni.

"Safi sana. Na ofisi yangu umeiweka ukurasa wa ngapi?"

"Ofisi ipi?"

"Ya Baraza, mama! Lile ghorofa!"

"Aa, lile sikuliweka. Ni mji wa kubuni, mwanangu. Nikasema angalau humo maji yatoke."

Dereva wa tingatinga, mtumishi mtiifu sana wa sheria ndogo, akaligeuza taratibu kuelekea ghorofani, kisha akachungulia dirishani.

"Mheshimiwa, viti mtatoa wenyewe, au nipite navyo?"