Mradi Usiishe Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi
Leo Mratibu katufundisha maana ya mradi. Mradi una mwanzo na una mwisho, alisema. Kisicho na mwisho ni kazi ya kawaida tu. Wenzangu waliandika. Mimi maini yalinikatika. Mradi wetu wa kuhamishia masjala ghorofa ya pili unaisha Ijumaa ya tarehe 14! Siku kumi na moja. Kisha yeye anarudi idara ya mipango kule juu, nami narudi kwenye mafaili yangu, kana kwamba sikukaa wiki sita mkono wake wa kulia.

Ukutani kuna chati yake ya uongozi. Mkuu wa masjala nimeunganishwa naye kwa mstari mzima. Mratibu, kwa nukta nukta. Maana yake mkuu ndiye mwenye mimi, yeye kaniazima tu. Watu walipoenda kula nilichukua kalamu nikaziunganisha zile nukta. Moyo ulinienda mbio!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Mradi ukichelewa, hauishi! Kazi yangu ni kubandika lebo kwenye masanduku mia mbili. Leo nimebandika tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Lebo kumi na moja kwa siku tatu. Nilimsubiri Mratibu aje anigombeze, peke yangu, mlango umefungwa. Hakuja. Nikajikaza kisabuni, nikaenda mwenyewe kuungama. Akatabasamu (lile tabasamu!), akasema nisijali, kazi ya lebo ina siku nne za akiba, ikichelewa haimgusi mtu. Yaani hata uvivu wangu ulikuwamo kwenye ratiba.

Tena akamtuma Bwana Tai anisaidie. Huyu ni wa idara ya utumishi, havui tai hata kwenye joto. Kufika saa nane lebo zote zimebandikwa. Mbaya wangu kabisa huyu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeichunguza ratiba vizuri. Kazi moja imeandikwa kwa wino mwekundu: rafu. Rafu zisipofungwa, hakuna sanduku litakalopanda juu. Nikampigia seremala, nikamwambia vipimo vinabadilika, asubiri barua. Hakuuliza barua ya nani. Alifurahi, maana kuna shule inamwandama kwa madawati.

Dada yangu, ninayekaa kwake, kaniuliza kwa nini nisimwambie tu huyo mwanamke kwamba nampenda, mambo yakaisha. Dada hajawahi kufanya kazi ofisini.

Jumatatu, 10 Machi
Seremala hapatikani hadi mwezi ujao! Mimi nilitaka wiki moja tu. Kwenye kikao Bwana Tai akauliza nani kaidhinisha mabadiliko, mbona fomu ya mabadiliko haipo. Nikainamia viatu vyangu. Mratibu alinitazama kidogo, kisha akamwambia Mkurugenzi kwamba kosa la timu ni la kiongozi, aandikwe yeye.

Baadaye akaniita, akafunga mlango. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema utaratibu haumruhusu kiongozi kuwa na ukaribu na mtu aliye chini yake, hata akiwa chini kwa nukta nukta. Ndiyo maana alikuwa akihesabu siku zilizobaki kufika Ijumaa. Alisema hayo huku akitazama dirishani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatano, 12 Machi
Mradi umeongezwa hadi mwisho wa Mei. Mratibu kaondolewa, kiti chake amepewa Bwana Tai, ambaye kikao kizima alisoma kanuni kwa sauti. Nimepanda ghorofa ya tatu mara mbili nikiwa na faili lisilo na mwenyewe. Mlango wa Mratibu ulikuwa wazi. Alikuwa anaandika, ameinamisha kichwa, na sikuthubutu kubisha. Nimemkosa kupita kiasi. Nimekosa hata kikohozi chake. Lazima nifanye jambo!

Ijumaa, 14 Machi
Kashuka mwenyewe hadi masjala! Na vikombe viwili vya chai, kimoja changu. Alisema sasa hayumo tena kwenye mradi, kwa hiyo si bosi wangu kwa mstari wa aina yoyote. Akaningojea niseme.

Nami nilikuwa tayari! Nikafungua droo, nikamkabidhi kurasa tisa nilizozikeshea siku mbili: andiko la mradi mpya wa kupanga upya mafaili yote tangu ofisi ianze. Yeye ndiye Mratibu. Mimi chini yake, moja kwa moja. Alisoma ukurasa wa kwanza polepole sana. Akauliza mradi huo utachukua muda gani. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni miaka mitatu.

Akaweka kikombe mezani, akaniaga kwa sauti ndogo, akapanda ngazi. Maskini, kaona mitatu ni michache. Jumatatu nawasilisha kwa miaka mitano.