Wanga wa Zuhura

Jumanne, 10 Juni
Zuhura wangu kachaguliwa! Mama Grace wa nyumba ya pili kanisalimia, sijaitikia, nimeanza na habari. Kidato cha pili tu, na Ijumaa ataonyesha sayansi yake mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Akishinda, anaiwakilisha shule Dodoma. Kitu chenyewe ni wanga wa muhogo na maji. Ukiupiga ngumi, mgumu kama ukuta. Ukituliza mkono, unazama. Mwalimu Severin kasema si yabisi wala si kimiminika, uko katikati. Mama Grace kasema hata kuku wake wanakorogewa unga na maji kila asubuhi. Wivu tu. Grace wake ataonyesha barafu ikiyeyuka. Barafu, jamani.

Alhamisi, 12 Juni
Kaka yangu Pazi kaleta wanga kutoka Matombo, mweupe unaumiza macho. Zuhura kakoroga ndoo nzima. Kaniambia mama, tafadhali, usiguse. Sijagusa. Nimetazama tu. Mbichi kabisa. Mtoto wangu aweke unga mbichi mbele ya mgeni rasmi, watu waseme kwao hawana jiko?

Ijumaa, 13 Juni, alfajiri
Zuhura anaoga. Nimeubandika motoni. Sukari, iliki ya Kinole, mwiko haupumziki. Umeiva, unang'aa. Nimeurudisha kwenye ndoo, nimefunika. Mtoto atanishukuru.

Ijumaa, mchana
Zuhura kapiga ngumi. Ngumi ikabaki ndani. Mwalimu Severin kamsaidia kuitoa. Mtoto akanitafuta kwa macho kati ya wazazi wote. Nikasimama, nikaeleza kuwa nimeupika. Mama Grace kacheka mpaka khanga ikamdondoka. Zuhura kaeleza kwamba wanga ukishapata moto haurudi tena kuwa ulivyokuwa. Kisha akalia. Hapo na mimi roho iliniuma. Mgeni rasmi kasema mtoto anayejua kueleza hivyo apewe nafasi nyingine, arudie yeye na Grace, mshindi ndiye aende. Halafu kachota kidogo ndooni, kaonja. Akachota tena. Nimemwona.

Jumapili, 15 Juni
Zuhura kanisamehe. Wanga mpya kaufungia kabatini, ufunguo kauweka chini ya mto wake. Nimeahidi kutogusa. Lakini mgeni rasmi alichota mara mbili, na safari ile haukuwa hata na nazi. Marudio ni Jumamosi tarehe 21, saa nne. Pazi anashuka na watu wa Matombo. Mama Grace nimemwambia aje na kijiko.