Jiwe Lisilofikiwa na Moshi

Jumatatu, 9 Juni

Mwalimu Heo, wiki tatu. Vikongwe watano tumekaa ukumbini kila Alhamisi, penseli zimechongwa mpaka zimebaki vipande, na wewe hujatokea. Najua umejifungua. Mimi nimezaa wanne, na wa tatu alipozaliwa, keshokutwa yake nilikuwa baharini. Watoto hulala. Ungekuja naye akalala hapa. Ulituambia tuandike kila siku, ukija utasahihisha. Basi haya. Nimejifunza herufi nina miaka sabini na sita, zikipinda ni kwa sababu mwalimu wangu yuko mjini ananusa utosi wa mtoto.

Leo nina la kuandika. Mjukuu wangu Sol-i kaja jana kwa basi, na baiskeli nyembamba kama mifupa ya samaki. Ana miaka ishirini na saba, anafanya kazi posta. Jumapili hii kajiandikisha kwenye mashindano hapa ghubani petu. Unaogelea mita mia saba na hamsini, unapanda baiskeli, halafu unakimbia. Nikamuuliza nani anamfukuza. Akasema hakuna. Ila usipotoka majini ndani ya nusu saa, wanakuondoa.

Nikampeleka majini nimwone. Mikono anarusha vizuri. Miguu si mibaya. Lakini akifika mapigo ishirini anasimama na kuhema kama mbwa kwenye joto la Agosti. Mjukuu wa mtu aliyezamia miaka hamsini na minane.

Yang, mzamiaji mwenzangu, aliona yote kutoka kwenye mwamba wake. Tulipokaa kuota moto baada ya kuzamia, akaanza. Dada, mtoto wako anakunywa ghuba yote, tutazamia wapi kesho? Akasema mjukuu wake Do-gyeom naye yumo kwenye mashindano, tena ana kocha wa bwawani mjini. Nikasema wangu atatoka majini kabla ya wake. Akauliza tuwekeane nini. Nikasema chochote.

Akaliangalia jiwe langu.

Mwalimu, wewe si mtu wa bahari, nikueleze. Pale motoni kila mzamiaji ana jiwe lake. La juu, upande ambao upepo hauleti moshi, ni la anayezamia vizuri kuliko wote. Nimelisubiri miaka thelathini na minne. Nimelikalia kumi na mmoja. Wenzangu watatu walikuwa wanasikiliza, na mdomo wangu ulikuwa umeshasema: chochote.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua tatizo. Ni simu yake. Kuna mtu ndani ya simu anayewafundisha watu kuogelea mtindo huru, na anasema uso ukiwa majini utoe pumzi muda wote, polepole, puani na mdomoni. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Anayemwaga hewa majini ni anayekwenda chini. Mimi hubana pumzi dakika mbili, na hapo nimezeeka. Nikamwambia azime simu, kocha yuko hapa.

Mpango wangu ni beseni. Nimelijaza maji, nikaliweka sebuleni, nikamtia uso. Bana! Nikahesabu kwa kugonga kijiko. Mara ya kwanza thelathini. Baada ya chakula cha mchana, hamsini na mbili. Nikampa chungwa.

Miwani yake nayo ilikuwa inaingia ukungu. Nikaisugua kwa majani ya pakanga kama tunavyofanya sisi, ikang'aa. Akashangaa. Akasema Bibi, unajua mambo. Nikasema ndiyo.

Jioni tukaenda majini. Mashavu yake yalivimba kama ya samaki bunju. Akageuza kichwa kuvuta hewa, lakini ya zamani ilikuwa bado ndani, kwa hiyo alitaka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja. Haikuwezekana. Akavuta bahari. Kisha akanyanyua kichwa juu kama kasa, miguu ikazama. Mapigo kumi na mawili.

Nikamwambia anaendelea vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Hukuja tena. Nimetazama mlango wa ukumbi saa nzima.

Basi nikaenda kupeleleza. Asubuhi Do-gyeom anafanya mazoezi upande wa mnara wa taa. Niliacha boya langu la kuzamia mwambani, kwa sababu boya ni la rangi ya chungwa na linasema nilipo. Nikazama, nikapita chini yake, nikalala chali mchangani nikamtazama.

Mwalimu, mtoto yule anavuja. Mapovu yanamtoka puani na mdomoni bila kukoma, kama birika. Kichwa hanyanyui. Anakigeuza na mwili wote, sikio limelala begani kama yuko kitandani, jicho moja limebaki majini, mdomo unachungulia tu, unakunywa hewa, unarudi. Kila mapigo matatu, mara kulia, mara kushoto. Nikamhurumia. Wamemfundisha kupoteza hewa nzuri.

Ila hakuwa anachoka. Hilo lilinitatiza, nikasogea juu kidogo nione vizuri. Ndipo naye akatazama chini.

Nilikuwa nimevaa vazi langu jeusi la mpira na miwani yangu mikubwa. Nilitabasamu ili asiogope. Nadhani tabasamu ndilo lililoharibu. Alipiga kelele majini, alikunywa mengi, akakimbilia mwambani kwa mikono na magoti.

Motoni Yang akauliza kwa sauti ya upole ile ninayoichukia, dada alikuwa anatafuta nini kule kwa mnara. Nikasema pweza. Akauliza pweza yuko wapi, amwone. Wenzetu wote wakatazama wavu wangu. Ulikuwa na konokono wawili.

Yang akasema pweza ana miguu minane, dada, mjukuu wangu ana miwili, siku nyingine uhesabu kwanza.

Ijumaa, 13 Juni

Sol-i kasema anajitoa.

Alikuwa amekaa barazani, amekumbatia magoti. Nikamwambia ameshafika sekunde sitini na moja kwenye beseni, mtu hajitoi kwenye sitini na moja. Akasema Bibi, baharini hakuna beseni. Akasema kila anapoweka uso majini kifua kinafunga kama mlango, na kadiri anavyobana ndivyo kinavyozidi kufunga.

Nikamuuliza kwa nini basi alijiandikisha. Akasema alipokuwa mdogo nilikuwa namwacha kwenye mwamba na kuzamia. Kila nilipozama na yeye alikuwa anabana pumzi pale juu, mpaka asikie mluzi wangu ndipo anashusha. Siku nyingine mluzi ulichelewa. Akasema tangu siku zile anayaogopa maji, na amechoka kuyaogopa. Anataka walau mara moja aende mpaka boya la mwisho na kurudi kwa miguu yake mwenyewe.

Sikujua. Miaka yote nilidhani anahesabu shakwe.

Mluzi ule ni kitu cha kawaida tu. Kila mzamiaji akiibuka humwaga pumzi yote iliyokaa, na inapotoka inalia. Kila mtu ana wake. Wangu ni mrefu, unaporomoka mwishoni. Hauna maana yoyote.

Nikamwambia ale kwanza. Nikamkaangia samaki, nikamtolea miiba yote kama ana miaka minne. Akala. Akasema sawa, Jumapili atajaribu.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya mipango miwili.

Wa kwanza. Nimepika supu ya mwani. Kila mtu anajua mtu hali supu ya mwani kabla ya mtihani, huteleza akaanguka. Nilikusudia kumpelekea Do-gyeom, ya kumpa nguvu, kwa niaba ya majirani. Nikaiacha ipoe nikaenda kutafuta chombo chenye kifuniko. Sol-i akarudi kutoka kukimbia, akala bakuli mbili. Akasema Bibi, ahsante, hujawahi kupika tamu hivi.

Usiku nitamgeuzia viatu vitazame mlango, huenda ikasaidia. Hiyo nimeibuni mwenyewe.

Wa pili ni bora. Wenye mashindano wametuomba sisi wazamiaji tukae majini na maboya yetu, tuwalinde waogeleaji. Nimeomba boya la mwisho kabisa, wanapogeukia. Yang kapewa la karibu na langu. Kijana wa mashindano alinisifu kwamba katika umri wangu nimechagua la mbali. Hakujua kwamba Do-gyeom atapita hapo, na kwamba atanikuta chini yake nikitabasamu.

Jumapili, 15 Juni

Mikono inaniuma, naandika kifupi.

Walianza saa moja. Bahari nzuri. Do-gyeom alikuja wa nane, anavuja vilevile. Nikavuta pumzi, nikazama, nikageuka chali, nikatabasamu kwa meno yote niliyobaki nayo.

Akaniona. Hakupiga kelele. Hakunywa maji. Alikimbia, Mwalimu. Alitoka pale kama motaboti. Aliwapita watano kabla ya boya la Yang, na nilipoibuka Yang alikuwa amelala tumbo juu ya boya lake akilipiga makofi kama ngoma. Jiwe langu likaondoka hivyo, na niliyelisukuma ni mimi.

Sikupata muda wa kulilia. Sol-i alikuwa wa mwisho.

Alikuja polepole, mapigo manane, anasimama, mapigo sita, anasimama. Boti ya waangalizi ilikuwa nyuma yake. Alipofika kwenye boya la mwisho akalikumbatia. Midomo imebanwa, mashavu ya bunju, macho makubwa yananitazama. Alikuwa anafanya yote niliyomfundisha. Mtu wa boti akauliza kama amtoe. Yeye alishindwa kujibu kwa sababu alikuwa amebana.

Nikazama ili nimfikie kwa chini. Nilitaka nimwambie mwanangu, basi, twende nyumbani, boya umeligusa, inatosha. Niliibuka mbele ya pua yake. Lakini mzamiaji akiibuka hawezi kusema kabla ya kutoa, na nilikuwa nimekaa chini mara mbili mfululizo. Ukatoka mluzi tu. Mrefu, ukaporomoka mwishoni.

Mabega yake yakashuka. Akatoa pumzi yote, mpaka nikasikia joto lake usoni. Na hewa ikaingia yenyewe, hakuivuta. Akanitazama kama mtu aliyekumbuka alipoweka ufunguo.

Akamwambia wa boti hapana. Akaweka uso majini, na mapovu yakaanza.

Nilimfuata kwa chini mpaka ufukweni. Mapovu, mapovu, sikio begani, jicho moja majini, mdomo, mapovu. Alipochoka sana nilikuwa naibuka pembeni yake, napiga mluzi, naye anatoa. Miguu yake iligusa mchanga dakika ya ishirini na nane.

Akanikumbatia na maji yake yote. Bibi, unatoa kwanza! Miaka yote ulikuwa unatoa kwanza! Nikamwambia ndiyo, aende, baiskeli inasubiri. Akavaa kofia kinyume akaondoka. Alimaliza yote, watu wakiwa wanakunja mahema. Nililia kidogo. Upepo ulikuwa na chumvi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekaa kwenye moshi. Macho yanatoka maji, ukiona wino umechuruzika ujue sababu. Yang yuko kwenye jiwe langu, amejipanua kama ametaga. Akaniambia karibu, dada, huku kwenu kwa zamani kuna joto. Kisha akanimenyea chungwa, kwa sababu alimwona Sol-i alivyotoka majini, na alilia kuliko mimi.

Sol-i kaondoka na basi la saa nne. Kanibandikia karatasi ukutani, herufi kubwa ili nisome: TOA KWANZA. Nimeisoma yote bila msaada. Karatasi ngumu nzuri, nimeibandua nikafunikia mtungi wa maharage.

Nimefikiria tulikosea wapi. Ni wazi. Sekunde sitini na moja ni kidogo. Angefika mia, jiwe lingekuwa langu hadi leo.

Kuna mashindano mengine Septemba. Mkwe wa Yang anashiriki. Nimekwisha mwambia Yang, mbele ya wote, kwamba muogeleaji wangu akitangulia narudishiwa jiwe, akishindwa nampa na kisu changu cha kubandulia chaza. Akauliza muogeleaji gani, Sol-i amesema hataki tena. Nikamwambia Mwalimu Heo.

Kwa hiyo ukija Alhamisi, njoo na vazi la kuogelea. Mtoto mlete, Yang atamshika, yeye ana mahali pasipofika moshi. Na asubuhi kabla ya kupanda basi, jaza beseni, tia uso, ubane. Uanze na hamsini.